Kitabu cha Mama Wageni

Kwa miaka tisa kulikuwa na neno moja kunihusu katika kitabu cha Mama Wageni. Lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu, nami sikulikubali hata siku moja. Nitalifikia. Kwanza nimwelezee huyo mama mwenyewe, kwa sababu siku hizi ukipita kule mtoni ukauliza habari zake, vijana wanakuonyesha kwa kidole jengo lisilo na vioo, kana kwamba yeye na jengo ni kitu kimoja. Kusema kweli hawajakosea sana.

Huko upande wa Migori, mahali mto unaposhuka miambani, kulikuwa na kituo kidogo cha kuzalisha stima, umeme wa maji. Juu yake, kwenye kilima, walijenga nyumba ya wageni: ukumbi mmoja mkubwa, veranda mbele na nyuma, vyoo viwili, na uwanja wa kuegesha mabasi ya shule. Watu waliletwa hapo waone jinsi maji yanavyogeuka stima, na aliyewapokea na kuwaeleza alikuwa yeye. Jina lake la kuzaliwa alikuwa nalo, ila hata mchungaji wake wa Sabato alimwita Mama Wageni. Mimi nilikuwa veranda ya nyuma nikikaanga mandazi na kupika nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, ya kuwauzia hao hao wageni. Nilikaa hapo miaka kumi na moja. Mimi ni Mkuria wa Ntimaru, yeye Mjaluo wa hapo hapo mtoni, kwa hiyo tulisemezana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake.

Alikuwa mfupi, mkavu, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na mashine. Hata sokoni aliuliza bei ya omena kwa sauti ile ile, mpaka watu wa kibanda cha tatu wakajibu. Kazini alivaa rinda la buluu. Alipewa mawili, la kwanza lilichakaa, na la pili likabaki na alama ya kuungua kwenye upindo, kubwa kama jani la mpera, kwa sababu ya pasi ya makaa. Alama hiyo niliijua kuliko uso wake. Mtu anayekaa kwenye kigoda mbele ya jiko huona zaidi pindo za watu.

Na hapo ndipo kichekesho chake cha kwanza. Huyu mama aliyewaeleza maelfu ya watu stima inatoka wapi na inaenda wapi, aliiogopa. Kwake alitumia koroboi. Chumba changu cha kupanga pale senta kilikuwa na stima na pasi nzuri, nikamwambia alete rinda nilinyooshe. Alisimama mlangoni akakataa hata kugusa swichi. Nikamuuliza, "Mama, si wewe ndiye unafundisha watu hii kitu?"

"Ndiyo," akasema. "Mimi naijua. Ndiyo maana."

Akarudi kwake na rinda lake, na wiki iliyofuata lilikuwa na alama ya pili.

Kazi yake aliifanya kwa namna moja tu. Wakija wanafunzi themanini, walipata maelezo yote. Akija mtu mmoja aliyepotea njia, alipata maelezo yote, na akijaribu kuaga katikati alishikwa mkono wa shati. Siku moja alikuja bwana mkubwa fulani na watu wa kumfungulia milango. Bwana yule alitazama saa mara tatu. Mama Wageni akamwambia, "Tusikimbie. Mashine haijaenda mahali." Bwana akasimama mpaka mwisho, na mimi niliyasikia yote kupitia ukuta, kwa maana jiko langu liliegemea ukumbi ule. Niliyajua maneno yake kwa moyo. Maji yakiwa juu yanachoka kukaa juu. Yakishuka yanasukuma. Kinachosukumwa kinazunguka. Hapo wageni walipelekwa kwenye kijimashine cha mkono, wakazungusha wenyewe, na balbu moja ikawaka. Yeye hakuwahi kukizungusha. Alisimama hatua tatu nyuma akisema, "Zungusha, usiogope."

Mwisho kabisa kilikuja kitabu. Kilikaa juu ya meza karibu na mlango wa mbele: jina, mahali unakotoka, na safu ya tatu aliyoipiga mwenyewe kwa rula. Juu yake alikuwa ameandika swali: Ukipewa stima leo, utaanza kufanya nini nayo? Hakuna aliyetoka bila kulijibu. Alasiri, wageni wakishaondoka, alikuja kukaa jikoni kwangu akanisomea majibu. Mtawa mmoja aliandika atasaga mahindi. Mzee mmoja aliandika atamtazama mkewe vizuri. Tulicheka sana na huyo. Msichana wa darasa la sita aliandika atalala taa ikiwaka na baba hatakasirika, na hiyo Mama Wageni aliisoma mara moja tu, akafunga kitabu.

Kitabu hicho ndicho alichokihofu kuliko Mungu wake, namwambia hivyo hata leo na hakatai. Jumamosi nyumba ilifungwa, kwa sababu ya Sabato. Mimi Mkatoliki nilikaanga mandazi kama kawaida na kuuzia wavuvi wa mtoni. Jumamosi moja basi la shule likafika kutoka Homa Bay bila habari. Mama Wageni akatoka kanisani na nguo zake nyeupe, akawakuta watoto wamejipanga nje ya ua. Hakufungua. Akaketi kwenye nyasi upande wa nje pamoja nao, akawaeleza yote kutoka hapo, saa nzima, akinyoosha kidole kwenye jengo.

Nikamwambia, "Si hii ni kazi?"

"Kufungua ndio kazi. Kuongea si kazi."

Lakini hakuwaandika. Mwalimu wao aliomba sana kitabu kiletwe nje watoto waweke majina, naye akasema mtu huandikwa akiwa amepita ndani. Mwezi uliofuata mwalimu yule aliwarudisha wote, siku ya Jumanne.

Halafu kituo kikafungwa. Mashine zilikuwa zimezeeka na mto umejaa mchanga, na siku moja mlio ule tuliouzoea tangu asubuhi mpaka jioni ulikoma, tukabaki tunasikia vyura. Wafanyakazi wakaondoka. Kwa Mama Wageni ilikuja barua ya heshima iliyosema kwamba nyumba ya wageni, na kazi yake mwenyewe, vitaendelea kadiri wageni watakavyoendelea kufika, na ofisa atakuwa akikagua kitabu kila mwisho wa mwezi. Sisi wote tuliielewa barua ile. Ilikuwa njia ya upole ya kusema kwaheri, maana nani atakuja kutazama mashine iliyolala? Yeye aliielewa kama ilivyoandikwa. Wageni wafike, nyumba ibaki.

Akaanza kuwatafuta. Kila asubuhi alishuka hadi barabarani na rinda lake la buluu. Wachimba dhahabu wa Osiri waliokuwa wakirudi makwao, vumbi mpaka kwenye kope, aliwaingiza. Watu wa kwetu Ntimaru waliopeleka ng'ombe mnadani aliwaambia wafunge ng'ombe kwenye vyuma vya veranda, na mmoja wao, aliyenijua, akanipita jikoni akiniuliza kwa Kikuria kama yule mama ni mzima. Nikamwambia aingie tu, mama atamaliza upesi. Sikusema kweli.

Siku moja alisimamisha gari lililokuwa likipeleka maiti kuzikwa Magunga. Waombolezaji walikuwa wamechoka na jua, wakakubali kushuka wanywe maji. Aliwaingiza kwa zamu, nusu ndani, nusu wamebaki na marehemu ili asiachwe peke yake. Wakati wa kuandika, kaka wa marehemu alimwomba, "Mama, muandike na yeye. Alikuwa anapenda vitu kama hii."

Mama Wageni akaweka kalamu chini. "Pole sana, ndugu yangu. Huyu amepita tu. Hajafika."

Nilidhani watampiga. Badala yake yule kaka alilia, kilio kizuri cha mtu aliyekuwa amekibana tangu asubuhi, kisha akamshukuru. Wakaenda zao.

Sasa, mimi. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuingia ukumbini. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikafika jikoni na stoo basi. Karibu kila siku alinichungulia akauliza, "Mama Boke, leo utaingia?" Nami nilijibu, "Kesho. Mafuta yako motoni." Na yalikuwa motoni kweli. Huwezi kuacha karai la mafuta ukaenda kusikiliza habari za maji. Zaidi ya hayo, niliona aibu kidogo. Mgeni ni mtu anayetoka mbali, amevaa viatu. Mimi nilikuwa mtu wa pale pale, unga hadi kwenye viwiko.

Ikaja masika moja mbaya. Barabara ilikatika, wiki nne hakupita gari wala ng'ombe. Mama Wageni akashikwa na malaria, akalala kwake. Ufunguo wa ukumbi ulibaki shingoni mwake kama kawaida, ila kitabu alikuwa ameniachia mimi kwenye sanduku la bati, kwa sababu jikoni kwangu hakukuvuja. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Ukurasa ulikuwa mweupe. Nilijua ofisa akiuona hivyo, nyumba imekwisha na Mama Wageni amekwisha nayo.

Basi nilifanya nililofanya. Nilikaa siku mbili na kitabu kile. Niliandika wageni sita, wengine kwa mkono wa kulia, wengine kwa wa kushoto, mmoja kwa kalamu ya risasi. Niliwapa vijiji. Niliwapa majibu: nitawasha taa, nitachaji simu, nitasikiliza redio. Wa saba akili ilikataa, jina halikuja, nikaandika langu mwenyewe.

Siku ya ofisa Mama Wageni alijikokota akafika, amejifunga leso kichwani, anatetemeka. Aliketi kwenye kigoda changu akafungua kitabu. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akatoa rula na kalamu nyekundu mfukoni, akampiga mstari mgeni wa kwanza, akaandika kando: Hakufika. Wa pili, Hakufika. Nikamwambia, "Mama, ofisa yuko njiani. Wacha hivyo." Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Alipofika wa saba mkono ulisimama.

"Huyo ni mimi," nikasema. "Huyo si uongo. Si unaniona?"

"Nakuona kila siku," akasema. "Lakini hujawahi kufika."

Akapiga mstari. Akaandika.

Ofisa alipofika, kwa miguu kwa sababu ya barabara, aliukuta ukurasa mzima mwekundu. Akauliza kuna nini, naye akamjibu kwa sauti yake ile ya kushinda mashine, "Mwezi huu hakuna mtu." Kufika mwezi uliofuata barua ya pili ilikuja, na hiyo haikuwa na upole. Kazi ilikwisha. Ufunguo hawakumdai, nadhani walisahau, naye hakuwakumbusha.

Nilikasirika, na nisidanganye kwamba nilikasirika kwa ajili yake tu. Alijipotezea kazi mwenyewe kwa rula, hiyo ilinikera. Lakini lililoniuma ni lile neno langu. Miaka kumi na moja moshi wa jiko langu umekuwa ukiingia ukumbini mwake, mvua na jua nipo, halafu mtu aandike kwamba sikufika? Nilifunga vyombo vyangu nikahamia Homa Bay mjini, nikafungua hoteli ndogo karibu na soko, chai, chapati na samaki. Nikafanikiwa kiasi changu. Watu kutoka upande ule wakija kula, walinipa salamu zake, nami nilisema, "Mwambieni nimesikia." Sikurudisha salamu. Miaka tisa.

Mwaka huu mteja mmoja akaniambia, akiwa anachagua miiba ya samaki, kwamba kule mtoni wamekuja watu wa kupima ardhi. Nyumba ya wageni itabomolewa mvua zikiisha, wapate pa kuweka vifaa vya mradi mpya. Nikamaliza kumhudumia. Asubuhi nikamwachia binti yangu Boke hoteli, nikaenda. Nilijiambia nakwenda kumtaka afute lile neno kabla kitabu hakijapotea.

Nilifika saa nne. Uwanja wa mabasi ulikuwa umelimwa mtama. Jiko langu lilikuwa bado lina weusi wake ukutani, na kigoda hakipo. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa mabati, ndipo nikazunguka, na mara ya kwanza maishani nikapanda ngazi za mbele. Mlango ulikuwa wazi.

Ndani nilisimama muda. Nilijua kila neno lililowahi kusemwa mle, lakini sikujua kwamba kulikuwa na dirisha la duara linalotazama chini kwenye mashine. Sikujua kwamba mto ulikuwa umefinyangwa kwa saruji juu ya meza ndefu, na vijumba vya mbao kando yake, vingi vimeng'oka. Maji yalikuwa vipande vya kioo, vimepakwa buluu kwa nyuma. Popo walikuwa wamechukua dari. Vyoo vya wageni vilikuwa na viota vya mbayuwayu. Vyuma vya veranda, mtu alikuwa amevikata akaviuza. Katikati ya uchafu huo wote, sakafu ilikuwa imefagiwa, njia moja tu, nyembamba, kutoka mlangoni hadi kwenye mfano wa mto, hadi dirishani, hadi kwenye kijimashine cha mkono, hadi kwenye meza ya kitabu. Ndipo nikaelewa alikuwa akiifagia kila siku. Nikaketi kwenye benchi na kulia.

Alinikuta hapo. Alikuwa amepungua, anatembea na fimbo, jicho moja limefunga ukungu. Rinda ni lile lile. Nilisimama nikamwambia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alinitazama kwa jicho zima. Sikujua kama amenitambua. Kisha akasema, "Leo mafuta haiko motoni?"

"Haiko, Mama."

"Haya. Karibu, mgeni. Umetoka wapi?"

"Homa Bay."

"Ni mbali. Basi tuanze hapa. Tusikimbie."

Akanipa yote. Hakuruka hata neno, na sauti yake iliyochoka bado ilikuwa ikipiga ukuta kana kwamba mashine zinalia huko chini. Maji yakiwa juu yanachoka kukaa juu. Nilikuwa nimeyasikia hayo mara ngapi, nikayadharau, nikapindua mandazi. Sasa aliyasema akinionyesha kwa fimbo, kioo kimoja baada ya kingine, na kwa mara ya kwanza niliona yanakwenda wapi. Dirishani nilitazama chini. Mashine zilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri, zimejikunja gizani kwa kutu. Alinisubiri nishibe.

Kwenye kijimashine alirudi hatua tatu nyuma. "Zungusha, usiogope."

Mkono ulikuwa mgumu. Nilizungusha mpaka bega likauma, ndipo balbu ikaanza kuwa nyekundu ndani, kisha manjano. Nilimgeukia kumwonyesha, nikamkuta ameangalia pembeni, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Nikacheka. Naye akacheka, bila kuitazama.

Kitabu kilikuwa kwenye sanduku langu la bati, lile nililoliacha nilipohama. Nilikuwa nimekuja kumdai, na nilikuwa na maneno yangu niliyoyapanga njiani, lakini yalikuwa yamekwisha mdomoni. Aliweka kalamu mbele yangu kwenye ukurasa mpya. Niliandika jina langu. Niliandika Homa Bay. Kwenye safu ya tatu nilikaa kidogo, halafu nikaandika: Nitanyoosha rinda la Mama Wageni kwa pasi, upindo usiungue tena.

Alikiinua kitabu karibu na jicho lake akasoma, midomo ikitembea. Akaanza kufungua kurasa kurudi nyuma, nyingi, mpaka akafika ukurasa mwekundu. Alitoa rula mfukoni. Akaipanga chini ya mstari wa saba, akalipiga lile neno Hakufika mstari wake, mnyoofu kabisa, na kando yake akaandika: Amefika. Akaongeza tarehe ya siku hiyo. Akapuliza wino ukauke.

"Mimi pia nilitaka sana uingie," akasema. "Lakini sikuweza kukuandika kwa kutaka."

Nilimwambia asante. Nikachukua mkoba wangu nikageuka, miguu ikaelekea upande wa nyuma, kwenye mlango wangu wa miaka yote. Akanishika mkono wa blauzi, kama alivyowashika wale waliotaka kuaga mapema.

"Mama Boke," akasema. "Mgeni anatokea mbele."